Miraba ya pembetatu mbili kutoka mabaki ya kanga na vitenge: vipimo, kukata, kushona, mpaka ncha zikutane

FundiShangani (Mtwara)

Wadau wa cherehani, salaam.

Maswali ya mashuka ya viraka na mifarishi (matandiko ya tabaka yaliyoshonwa pamoja) yanarudi kila mara humu jukwaani, na mengi yanaishia palepale: mraba wa pembetatu mbili haukai sawa, ncha zinamezwa, safu moja inazidi nyingine. Nafungua uzi huu kwa ajili ya mraba huo peke yake. Ni mraba uliogawanywa mshazari, pembe hadi pembe, nusu rangi nzito (ya giza) na nusu rangi nyepesi (angavu). Ukiumudu huo, mitindo ya pangaboi (miraba minne inayozunguka kama mapanga ya feni), nyota, mawimbi na meno ya msumeno ni kuugeuzageuza tu.

Tuanze na mabaki, maana kazi nyingi huharibika kabla mkasi haujaguswa. Mfuko wa mabaki wa fundi wa mjini una vitu vilivyochanganyika: kitenge cha pamba, kitenge cha polista, kanga, tetroni ya sare, satini ya bitana. Kwa mfarishi chukua pamba tu. Usipoweza kuitambua kwa mkono, chomoa nyuzi chache pembeni uwashe kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika. Polista inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona jivu na kidonge pamoja, ni mchanganyiko. Sababu ya kuhangaika hivi ni pasi: joto linalonyoosha pamba linaifanya polista inywee, na mraba wenye nusu pamba nusu polista utajivuta upande mmoja mara tu pasi inapopita.

Fua kabla ya kukata. Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani inayokifanya kionekane kigumu kuliko kilivyo, na pamba hunywea ikiloa kwa mara ya kwanza. Vipande vidogo vitie kwenye mfuko wa neti ili visichanike kingo, loweka, fua kwa mkono, anika kivulini. Kaniki na kanga nyekundu zifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Na tafadhali msianike chini ya mkorosho wakati wa mabibo. Doa la bibo kwenye pamba nyeupe halitoki.

Sasa kipimo. Mraba utakaoonekana ukishashonwa pande zote tuuite ukubwa wa mwisho. Kata mraba wa kila rangi kwa ukubwa wa mwisho + inchi 7/8. Mraba wa mwisho wa inchi 3 unakatwa inchi 3 na 7/8, wa inchi 4 unakatwa 4 na 7/8. Hiyo 7/8 ni nusu inchi ya mishono ya pembeni (robo kila upande) pamoja na 3/8 inayoliwa na mshono wa mshazari katikati.

Mimi sikati 7/8. Nakata inchi nzima zaidi, kisha napunguza. Kwa mraba wa mwisho wa inchi 3 nakata inchi 4. Ukishashonwa na kufunguliwa unatoka inchi 3 na 5/8. Naupunguza uwe 3 na nusu kamili. Kitambaa kinachopotea ni ukanda wa thumuni (1/8) ya inchi. Mbinu ya kukata kipimo kamili inamfaa mwenye kisu cha gurudumu na mkeka wa kukatia. Kwa mkasi na chaki, kupunguza mwishoni ndiko kunakookoa.

Hatua zenyewe: weka mraba mzito na mwepesi uso kwa uso. Upande wa nyuma wa ule mwepesi piga mstari mmoja wa mshazari kwa penseli, usitumie kalamu ya wino. Shona robo inchi kulia kwa mstari, geuza, shona robo inchi upande wa pili. Kata juu ya mstari. Umepata miraba miwili. Uzuri wa njia hii ni kwamba mshazari, ambao ndio upande unaovutika, umeshashikwa na uzi kabla hujaukata. Ukikata pembetatu kwanza halafu ushone, vidole vyako vitauvuta huo mshazari bila wewe kujua.

Bint_Mikindani

Asante kwa uzi, mkuu. Nina swali. Mtu amekata inchi 3 na 7/8 sawasawa, ameshona kwa kufuata ukingo wa mguu wa cherehani, lakini mraba unatoka 3 na 3/8 badala ya 3 na nusu. Thumuni nzima imekwenda wapi?

CherehaniMasasi

Dada, jibu liko kwenye huo mguu. Mguu wa kawaida wa cherehani hautengenezwi ukingo wake uwe robo inchi kutoka sindanoni. Kila mashine ina wake. Mraba uliopungua thumuni maana yake mshono umekaa karibu 3/8 kutoka kwenye mstari. Wala kukata inchi nzima zaidi hakutakuokoa hapo: mraba wa inchi 4 ukishonwa kwa mshono wa 3/8 unatoka chini kidogo ya 3 na nusu, na hapo huna cha kupunguza.

Pima mashine yako hivi. Kata kanda tatu za kitambaa, kila moja upana wa inchi 1 na nusu, urefu kama wa kiganja. Ziunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi mishono yote upande mmoja. Pima ule ukanda wa kati. Ukiwa inchi 1 kamili, mshono wako ni robo. Ukiwa pungufu, mshono umekuwa mpana. Ukizidi, umekuwa mwembamba. Sogeza, jaribu tena kwa kanda nyingine, usipime kwa zilezile zilizofumuliwa kwa sababu zimeshavutika.

Ukipata mahali sahihi, weka alama kwenye bamba la mashine. Selotepu ya karatasi inatosha, ila iwe na kina: bandika tabaka nne au tano juu kwa juu ili kitambaa kiguse ukuta mdogo na kushindwa kupanda. Angalia tu isifunike meno yanayosukuma kitambaa, na isizibe kifuniko cha bobini.

Jambo moja zaidi. Robo inchi ya viraka ni robo kasoro uzi mmoja au miwili. Kitambaa kinapokunjwa juu ya mshono, mkunjo wenyewe unakula unene wa hizo nyuzi. Ndiyo maana jaribio la kanda tatu linapimwa baada ya pasi. Kupima kwa futikamba kutoka sindanoni mpaka kwenye selotepu peke yake hakutoshi.

UziNaSindano

Naongezea kwenye kufua. Tieni chumvi na siki kwenye maji ili kanga isichuje.

FundiShangani

UziNaSindano, kwa heshima, hilo nalipinga. Chumvi hutumika kiwandani wakati wa kutia rangi. Rangi ikishakuwa kwenye pamba, chumvi ya jikoni haiifungi, na siki vilevile. Kinachochuja ni rangi iliyobaki juu bila kushikana na uzi, na dawa yake ni kuitoa: sabuni, maji mengi, kusuuza kwa kurudia. Kisha jaribu: loanisha kipande, kibonyeze juu ya kitambaa cheupe, piga pasi juu yake. Kikiacha alama, bado. Kikiendelea kuacha alama hata baada ya kufuliwa mara kadhaa, kiweke kwenye kazi ya rangi nzito tupu, kisikae jirani na nyeupe.

MashonoLindi

Hapo kwenye chumvi nakuunga mkono. Mimi naleta habari ya wanga, kwa sababu kanga ikishafuliwa inalegea sana na mshazari wake unakimbia.

Wanga wa muhogo unafanya kazi nzuri kuliko dawa za kupuliza. Kijiko kimoja cha chakula cha wanga, si unga wa makopa wenye chengachenga, ukoroge kwenye maji baridi kidogo, kisha mimina kwenye maji yanayochemka ya nusu lita huku unakoroga mpaka uwe kama uji mwepesi unaoona sufuria chini yake. Uchuje kwa kitambaa chepesi. Chovya vipande, kamua, nyoosha kwa mkono kufuata uzi wa kitambaa (mwelekeo wa nyuzi zake), anika. Piga pasi vikiwa na unyevu bado. Vikikauka kabisa wanga unakuwa na mabaka na pasi inanata. Kanga inageuka kama karatasi, unakata pembe kali bila kuvutika.

Usiache vipande vya wanga kwenye boksi kwa miezi. Mende wanaupenda, na watautafuna pamoja na kitambaa. Kazi ikiisha, fua wanga utoke.

Halafu kuhusu njia. Ukiwa na kipande kikubwa cha kutosha, kuna njia ya kupata miraba minane kwa mkupuo. Chukua ukubwa wa mwisho, ongeza 7/8, zidisha mara mbili. Kwa inchi 3 ni 7 na 3/4. Kwa wanaopunguza mwishoni kama FundiShangani, kata inchi 8. Weka mraba mzito na mwepesi uso kwa uso, piga mistari miwili ya mshazari kama herufi X. Shona robo inchi kila upande wa kila mstari, kwa hiyo mishono minne. Usikibandue kitambaa mezani: kata katikati wima, kata katikati kwa mlalo, halafu ndipo ukate kwenye X. Inatoka minane, kila mmoja inchi 3 na 5/8 kabla ya kupunguza, na kingo zote za nje zimefuata uzi wa kitambaa.

Ile njia nyingine inayosambaa sana mitandaoni, ya kushona kuzunguka pande zote nne za miraba miwili na kukata X, nashauri muiache kwa kanga. Miraba ya inchi 6 inakupa minne ya karibu inchi 3 na 7/8, haraka kweli, lakini kingo zote nne za kila mraba zinakuwa mshazari. Yaani kila upande utakaouunganisha unavutika. Kwa kitenge kizito chenye wanga unaweza kuvumilia. Kwa kanga safu itatoka na mawimbi.

Bint_Mikindani

Na vile vipande vinavyotoka kwenye kwapa na shingo, ambavyo tayari vina umbo la pembetatu? Mfukoni ndivyo vingi.

FundiShangani

Vinafaa, lakini kwanza tafuta uzi wa kitambaa. Vuta kipande kwa vidole viwili pande mbalimbali: upande wa mtande (nyuzi za urefu) hauvutiki, wa mshindio (nyuzi za upana) unavutika kidogo sana, wa mshazari unavutika kama mpira. Pembetatu yako unataka pande zake mbili fupi zifuate mtande na mshindio, na upande mrefu uwe mshazari. Kipande cha kwapa mara nyingi ni kinyume chake, upande mrefu ndio umefuata uzi. Usikate kwa kufuata umbo alilokuachia fundi. Weka kiolezo kwa kufuata uzi, hata kama kitabaki kipande kidogo zaidi.

Kiolezo cha pembetatu: pande fupi mbili ziwe ukubwa wa mwisho + 7/8, kipimo kilekile. Pembetatu yenye pande za inchi 3 na 7/8 itakupa mraba wa 3 na nusu kabla ya kuunganishwa. Hapa mshazari uko wazi, kwa hiyo wanga wa MashonoLindi ni lazima, na unaposhona usivute wala usisukume. Acha meno yapeleke.

Kiolezo cha kupunguzia ndicho muhimu zaidi. Tumia plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kama jalada la mbele la faili au kifuniko cha boksi la chakula. Kata mraba wa inchi 3 na nusu kamili, kwa kisu na rula ya chuma, kisha chora mstari wa mshazari pembe hadi pembe kwa kalamu isiyofutika. Nyuma yake gundisha vipande vidogo vya msasa laini ili kisiteleze. Unapopunguza, mstari wa kiolezo ulale juu ya mshono. Si karibu na mshono, juu yake kabisa. Kisha zungushia penseli, kata ndani ya alama ya penseli. Kadibodi usitumie kwa kazi kubwa. Kingo zake zinaliwa na penseli, na ukifika mraba wa hamsini kiolezo kimeshakuwa kidogo.

CherehaniMasasi

Kwa wanaosema kasoro ndogo haina neno: chukua safu yenye upana wa inchi 60 kwa miraba ya inchi 3. Ni miraba 20, mishono 19. Mshono ukizidi inchi 1/16 tu, unakula 1/16 kila upande, jumla thumuni kwa mshono. Mara 19 ni inchi 2 na 3/8. Safu ya jirani iliyoshonwa siku nyingine kwa selotepu iliyosogea itaizidi kwa kiasi hicho, na hakuna pasi ya kulitatua.

Mambo ya mashine kwa haraka. Kwa kanga sindano namba 11 au 12, kwa kitenge kizito 14. Sindano iliyopinda au butu inasukuma kitambaa chini kwenye tundu, na hapo ndipo pembe inapomezwa mwanzo wa mshono. Urefu wa mshono uwe milimita 2 hivi. Kwa mashine za zamani zenye kuhesabu mishono kwa inchi, weka 12. Uzi wa juu na wa bobini ziwe aina moja.

Pembe isimezwe: anza kushona juu ya kitambaa chakavu kilichokunjwa mara mbili, kisha bila kukata uzi ingiza mraba wa kwanza, wa pili, wa tatu, mfululizo, ukiacha uzi mfupi kati yao. Utakatia baadaye. Unaokoa uzi, na kila mraba unaingia meno yakiwa tayari yameshika. Kwa mashine ya kukanyaga, shika ncha za nyuzi zote mbili kwa nyuma unapoanza kile kitambaa chakavu, vinginevyo zinatengeneza kiota chini.

Kwetu huku hewa kavu kidogo, lakini nyie wa pwani msiache pini kwenye kitambaa usiku. Chumvi ya hewani inazitia kutu na doa la kutu linabaki.

NewalaBaridi

Naomba tuzungumzie pasi, maana naona imepitwa.

Unapomaliza kushona, piga pasi kwanza mraba ukiwa bado umefungwa, juu ya mshono wenyewe, ili uzi uzame kwenye kitambaa. Kisha kata, fungua, na laza mshono upande wa rangi nzito. Ukiulaza upande mwepesi, rangi nzito itaonekana kama kivuli chini yake. Bonyeza, inua, sogea, bonyeza. Kusugua kunavuta mshazari na mraba unakuwa umbo la kishada. Mvuke pia unalegeza mshazari, kwa hiyo pasi kavu.

Pasi ya mkaa inafaa sana kwa kazi hii kwa uzito wake, hulazimiki kukandamiza. Hatari yake ni majivu na cheche. Ipulize mbali na meza, pangusa chini kwa kitambaa chenye unyevu, na weka kipande cha pamba nyepesi juu ya kazi. Jaribu joto kwenye kipande cha kutupa kila unapoongeza mkaa.

Ukikata vile vipembe vinavyochomoza kwenye kona mbili, fanya hivyo baada ya pasi, wakati wa kupunguza na kiolezo.

UziNaSindano

Mimi nafungua mshono, nusu huku nusu kule. Unakaa bapa zaidi. Kulaza upande mmoja kunaleta uvimbe katikati ya pangaboi.

NewalaBaridi

Bapa, sawa. Lakini ukiufungua, kinachoshikilia ni uzi peke yake, na kwa mfarishi unaofuliwa kwa kusuguliwa mikononi mshono unaanza kuonyesha nyuzi mapema. Pia unapoteza msaada mkubwa: miraba miwili ikiwa na mishono iliyolala pande tofauti, inafungana yenyewe unapoiweka uso kwa uso. Unahisi kwa kidole mahali mshono mmoja ulipoegemea mwingine. Hapo huna haja ya pini nyingi.

Uvimbe wa pangaboi una dawa. Shona miraba miwili miwili, laza mshono, kisha unganisha nusu mbili. Katikati, ndani ya nafasi ya robo inchi tu, fumua mishono miwili au mitatu ya ule mshono wa wima kila upande. Utaona mishono yote minne inakubali kulala kuzunguka upande mmoja, na katikati panafunguka pangaboi dogo mno upande wa nyuma. Ule unene wa tabaka nane unasambaa.

Na ncha ya katikati isimezwe: unaposhona mshono wa mwisho, weka juu ule upande ambao mishono inaonekana imekatana kama X. Sindano ipite kwenye makutano ya X, au uzi mmoja nje yake kuelekea ukingoni. Ikipita ndani ya X, ncha imekatwa na hakuna namna ya kuirudisha ila kufumua.

MashonoLindi

Kwenye rangi. Watu wanachagua kwa kupendeza, wanasahau uzito wa rangi. Nyekundu na kijani vinaonekana tofauti kabisa dukani, lakini vikiwa na uzito uleule pembetatu zinapotea na unabaki na miraba isiyosema kitu. Panga vipande sakafuni, piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vinavyofanana kwenye picha hiyo msiviweke pamoja mraba mmoja.

Kaniki ni nzito ya uhakika. Kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe kwa vijichoro vidogo, inakaa katikati na inapatana na karibu kila kitu. Kitenge chenye maua makubwa ni kigumu kwa mraba wa inchi 3: kipande kimoja kitatoka cheupe, kingine cheusi, kutoka kitambaa kilekile. Kitumieni kwa inchi 5 au 6.

Kanga igawanyeni: mji (sehemu ya katikati) kwa pembetatu, pindo liwekwe kwa ajili ya mpaka wa nje. Halafu lile jina, yaani maandishi ya kanga. Maandishi yaliyokatwa katikati na kuwekwa kichwa chini yanasumbua jicho, na kama yana jina la Mwenyezi Mungu msiyaweke kabisa kwenye kitu cha kulalia au kukanyagia. Yatoeni yote, ukanda mzima, yashoneeni ukutani au kwenye mto wa sebuleni.

Kabla ya kukata kanga, chaneni ukingo mmoja kwa mkono. Itafuata uzi. Mara nyingine utakuta mchoro umechapwa ukiwa umeenda upande, haulingani na uzi. Fuateni uzi, mchoro upinde. Mkifuata mchoro, kingo zote zinakuwa na mshazari kidogo.

Bint_Mikindani

Kwa kitanda cha nne kwa sita inahitajika miraba mingapi?

FundiShangani

Kitanda chenyewe ni inchi 48 kwa 72. Mfarishi unaoning'inia kidogo pande zote uwe 60 kwa 84. Pangaboi la miraba minne ya inchi 3 linatoka inchi 6 za mwisho, kwa hiyo pangaboi 10 kwa 14, ni 140. Miraba 560. Kwa njia ya kupata miwili, unakata miraba 280 mizito na 280 myepesi, ya inchi 4. Ukinunua kitambaa cha upana wa inchi 45, mita moja inatoa miraba 99, basi mita 3 za nzito na mita 3 za nyepesi zinatosha na ziada. Kwa mabaki usihesabu mita, hesabu miraba: funga mafungu ya 20, nzito kwa nzito, nyepesi kwa nyepesi, yahifadhi mpaka yafike 14 kila upande.

Anayeanza aanze na wa mtoto, inchi 36 kwa 48. Ni pangaboi 48, miraba 192.

CherehaniMasasi

Na cha kujazia? Naona watu wanatia sufi kwa sababu ipo.

NewalaBaridi

Sufi ni ya mito. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani; kwenye mfarishi zinakimbilia chini baada ya kufuliwa na kuacha mabonge. Kwa Mtwara na Lindi, penye joto, shuka la zamani la pamba kama tabaka la kati linatosha, au flaneli. Kwetu huku juu, Juni na Julai, blanketi jepesi lililokwishafuliwa mara nyingi ndilo zuri: halinywei tena. Bitana ya chini izidi uso kwa inchi 3 kila upande, kwa sababu unaposhona mistari ya kushikilia tabaka, uso unasukuma mbele. Anza katikati kwenda nje, mistari isiachane zaidi ya inchi 4, na ipite kando ya mshono, si juu yake. Juu ya mshono sindano inakata uzi ulioushikilia.

UziNaSindano

Swali la mwisho: vipande vilivyo chini ya inchi 2, vya kutupa?

MashonoLindi

Usitupe. Hivyo vinashonwa juu ya karatasi. Chora mraba wa mwisho kwenye karatasi nyepesi, piga mshazari, ongeza robo inchi kuzunguka. Gazeti siyo, wino wake unahamia kwenye kitambaa. Upande usio na mchoro laza kipande cha kwanza, uso wake juu, kipite mshazari kwa robo inchi. Juu yake laza cha pili uso kwa uso, geuza karatasi, shona juu ya mstari uliochorwa kwa mshono mfupi wa milimita 1 na nusu. Kunja cha pili kifunike nusu yake, piga pasi, kisha kata vyote kwenye mstari wa nje.

Karatasi inakishika kitambaa, kwa hiyo hata kipande ambacho uzi wake umekwenda upande hakivutiki. Lakini iache mpaka mraba uunganishwe na jirani zake pande zote nne. Ukiitoa mapema, faida yote imekwenda. Kuichana, kunja kwanza kwenye mshono na ukwaruze kwa ukucha. Ule mshono mfupi umeshaitoboa karibu karibu na inaachia bila kuvuta uzi. Baada ya kazi hiyo badilisha sindano, karatasi inaitia butu.